Msaada wakuu: RO ya kutoa floraidi inaganda ukoko kwenye membreni, tununue sofna au tunapigwa?

UpandeWaMeru
Wakuu salaam, nikiwa mgeni kwenye haya mambo naomba nielekezwe kabla hatujatoa hela nyingine.

Nasimamia maji kwenye shule moja ya bweni huku Arumeru, ukitoka Usa River unapandisha. Kisima chetu kina floraidi, hilo huku halina siri, mtu akicheka tu meno yanakuambia kakulia wapi. Maabara walitupa 7.8 mg kwa lita wakati kikomo ni 1.5. Tukapata mfadhili, ikanunuliwa mashine ya RO (inasukuma maji kwa presha kwenye utando unaobakiza chumvi) ya lita 1000 kwa saa, ina filta ya mchanga, filta ya kaboni, kale kafilta ka maikroni 5, pampu kubwa halafu membreni nne (ndio huo utando) za inchi 4. Mwanzo ilikuwa raha, floraidi ikashuka hadi 0.4 na watoto wakaanza kusema maji hayana ladha hahaha.

Sasa hivi inatoa kama lita 600, presha ya kuingilia imepanda, na TDS (jumla ya chumvi majini) ya maji masafi inapanda kidogo kidogo kila wiki. Aliyetufungia anasema maji yana chokaa tuongeze sofna, ile mashine ya kulainisha maji, na bei aliyotaja sio ya kitoto. Fundi mwingine kaja kaangalia dakika mbili kasema membreni zimekufa nunueni mpya. Nani mkweli hapo?

dogo_wa_Tengeru
Ngoja waje wataalamu, nimeweka kiti.

Bi_Mkubwa77
Mimi sijui haya mamashine ila mbona msichemshe tu? Kwetu tulichemsha miaka yote.

FundiRijekti
Bi Mkubwa shikamoo, kuchemsha kunaua vijidudu ila floraidi haigusi kabisa. Tena inazidi, maana maji yanapungua kama mvuke na floraidi inabaki humo humo, ni kama supu iliyosahaulika jikoni chumvi inakolea.

UpandeWaMeru usinunue chochote kwanza. Naomba vitu vitatu. Moja, ripoti nzima ya maabara, sio floraidi peke yake, nataka kalsiamu, magnesiamu, bikabonati au alkalini, salfeti, chuma, pH na SILIKA (madini ya kwenye mchanga na kioo). Mbili, soma zile mita mbili kwenye mashine, maji masafi yanatoka lita ngapi na rijekti (yale mazito yanayotolewa nje) lita ngapi, lakini nipe namba za wakati mashine ikiwa mpya. Tatu, membreni zenu zimepangwaje, na kuna kibomba kinachorudisha rijekti kwenye pampu?

UpandeWaMeru
Asante kiongozi. Ripoti ipo ila silika haikuwepo, nikawapelekea sampuli tena. Hii hapa:

pH 8.4, EC (kipimo cha maji kupitisha umeme) 950, sodiamu 210, potasiamu 12, kalsiamu 6, magnesiamu 2.4, alkalini 380, kloridi 30, salfeti 45, floraidi 7.8, chuma hakuna, silika 62. Zote mg kwa lita kasoro pH na EC.

Mashine ikiwa mpya masafi 1000, rijekti 330 kwa saa. Jamaa alijisifia kwamba yeye hapotezi maji. Membreni zimefuatana zote nne, na kibomba cha kurudisha kipo kina valvu nyekundu.

FundiRijekti
Sawa sasa tunaongea. Kaa vizuri maana hii ni ndefu.

Watu wengi wanaangalia maji ya kisimani wanasema aah haya laini, hayawezi kuganda. Membreni haijali maji ya kisimani. Kinachoganda kinaganda kule mwisho kwenye rijekti, kwa hiyo fanya hesabu ya rijekti. Wewe unaingiza 1330 unatoa 1000, yaani unavuna asilimia 75. Chumvi zote za lita nne zimebaki ndani ya lita moja. Kila namba kwenye ripoti yako izidishe kwa 4, hayo ndiyo maji yanayopita kwenye membreni ya nne. Ungevuna asilimia 50 ungezidisha kwa 2. Ukivuna 80 unazidisha kwa 5. Unaona inavyopaa, kutoka 75 kwenda 80 unaokoa maji kiduchu tu ila mzigo wa chumvi unapanda kwa robo.

Haya tuanze na silika. Mara 4 ni 248. Silika kwenye maji ya joto la kawaida na pH ya katikati inavumilika mpaka kama 120 hivi, juu ya hapo inaanza kutafuta pa kukaa. pH yako iko juu kidogo kwa hiyo inayeyuka zaidi ya hapo, ila 248 bado ni mbali sana. Na huko kwenu silika lazima iwepo, mlima Meru ni volkano, maji yamekaa ndani ya majivu na mawe ya volkano miaka na miaka, floraidi na silika na sodiamu bikabonati zinatoka jiko moja.

Pili kalsiamu floraidi. Hii ndio inawapiga chenga mafundi wengi. Kwenye kisima chako kalsiamu 6 na floraidi 7.8 tayari maji yapo kwenye ukingo wa kushiba (yakizidi hapo chumvi inaanza kuganda), nimepiga hesabu inagonga pale pale. Na ndiyo sababu floraidi yenu ni kubwa, kalsiamu ingekuwa nyingi ingeshaishusha yenyewe chini ya ardhi. Sasa kumbuka kwenye hii chumvi floraidi zinaingia mbili kwa kalsiamu moja, kwa hiyo ukikoleza mara 4 sio mara 4 tena, ni 4 mara 4 mara 4, mara 64 juu ya kushiba. Ukikoleza mara 2 ni mara 8. Bahati nzuri huwa inaganda polepole ndio maana mashine ilifanya kazi miezi.

Tatu kalsiamu kaboneti, ile chokaa ya kwenye birika. Kalsiamu yako ni ndogo ila alkalini ni kubwa na pH iko juu, kwa hiyo na yenyewe itaganda kwa asilimia 75. Ila sio mhusika mkuu, kalsiamu yenyewe iko wapi ya kutengeneza tani za chokaa?

Kwa hiyo swali lako, sofna ama membreni mpya? Membreni mpya bila kubadilisha kitu, zitaganda tena. Sofna inavuta kalsiamu na magnesiamu, silika inaitazama ikipita. Ugumu wa maji yako wote ni kama 25, watu wanakunywa maji ya 300 huko pwani. Unauziwa mashine ya kutoa kitu ambacho karibu hunacho.

dogo_wa_Tengeru
Aisee umeshusha madini

SofnaNiMaisha
Mkuu FundiRijekti heshima kwako ila usiiponde sofna kiasi hicho. Kwa hesabu zako mwenyewe, ukitoa kalsiamu umeua kalsiamu floraidi NA kalsiamu kaboneti kwa mpigo mmoja. Hata magnesiamu ikiondoka inasaidia maana magnesiamu na silika kwenye pH kubwa wanaungana wanatengeneza uchafu wao. Kwa ugumu wa 25 sofna ndogo tu inakaa muda mrefu kabla ya kuoshwa na chumvi. Sio wizi hapo.

FundiRijekti
Hoja yako ni ya kweli na kama angekuwa analazimika kuvuna asilimia 75 kwa sababu kisima kinatoa maji kidogo ningesema weka. Ila hata ukiweka, silika 248 ipo pale pale, na silika ndiyo ukoko mbaya kuliko wote, ikishashika ni kioo kabisa. Chokaa unaiosha na asidi ya sitriki inaondoka inapiga povu. Kioo unakiosha na nini? Halafu sofna inataka chumvi ya kuioshea, ile chumvi inamwagwa wapi shuleni? Kwa hiyo namba moja ni kushusha uvunaji, sofna ije baadaye kama hela inawawasha.

UpandeWaMeru fanya kitu kimoja cha bure kabla ya yote. Zima mashine, toa membreni ya KWANZA na ya NNE. Zipime kwenye mizani, membreni yenye ukoko inakuwa nzito wazi wazi. Kwangua unga unga kule mwisho wa ya nne, dondoshea asidi. Ukichemka na kutoa povu ni kaboneti. Ukikaa kimya ni silika au floraidi au salfeti. Na kama nzito ni ya kwanza, iwe na utelezi au harufu, basi hatuongelei ukoko tena, huo ni uchafu na vijidudu na tatizo lako liko kwenye filta za mbele.

KilifiMajiChumvi
Nasoma hii thredi nikiwa Kilifi na nashangaa. Huku kwetu ni kinyume kabisa. Visima vinapita kwenye mawe ya matumbawe, ugumu unapita 400 bila aibu, na ukivuta sana bahari inaingia. Mimi nilikuwa najua tu scaling (huko kuganda) ni chokaa, fullstop. Tunatia asidi kidogo kushusha pH na dawa ya antiskalanti inayochelewesha ukoko, maisha yanaenda. Sasa huyu jamaa wa Arusha akitia asidi si itasaidia pia?

FundiRijekti
Karibu jirani. Asidi inasaidia kaboneti peke yake. Kalsiamu floraidi haijali sana, na silika ndio kabisa, ukishusha pH unaiondolea ile faida kidogo ya kuyeyuka inayoipata kwenye pH kubwa. Na kuna jingine, floraidi kwenye maji yenye asidi kali sana, pH 3 hivi kushuka, inajifunga na haidrojeni inakuwa haina chaji, na membreni inazuia vizuri vitu vyenye chaji. Yaani utapitisha kile kile ulichonunulia mashine kuzuia. Mtu akishusha hadi 6.5 au 7 hafiki huko, ila kwa alkalini ya 380 atamwaga asidi nyingi, na hewa ya kaboni inayozaliwa inapita membreni moja kwa moja, maji masafi yanatoka na uchachu wa kula mabomba. Huko Kilifi ni sawa, huku sio.

Dawa za mtu wa pwani usizilete mlimani bila ripoti, na za mlimani usizishushe pwani.

Mzaramo_Halisi
Mbona mnatesa watu na RO, si kuna mkaa wa mifupa unaonyonya floraidi? Ngurdoto pale kuna kituo cha wizara ya maji cha floraidi miaka mingi wanafanya mkaa wa mifupa. Na kuna yule Dk Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru, alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015 kwa filta yake ya nano. Hakuna umeme hakuna rijekti hakuna huu ugonjwa wa kuganda.

NakuruBoy
Hata Nakuru tuko na bone char, huo mkaa wa mifupa, Dayosisi Katoliki wameifanya sana. Inafanya kazi poa. Shida ni ikishiba hujui. Maji yanaonekana ni yale yale, ladha ni ile ile, na floraidi imerudi. Lazima mtu apime kila mara na ajue lini ya kubadilisha. Na kuna watu wa dini zingine wanauliza hii mifupa ni ya ng'ombe ama ni ya nani.

FundiRijekti
Mkaa wa mifupa siupingi hata kidogo, kwa kaya moja ningeshauri huo kabla ya RO. Kwa shule ambayo mashine tayari ipo na umeme upo, na kisima kinatoa, waiokoe mashine. Uzuri mmoja wa RO ni kwamba ikianza kuharibika kalamu ya TDS inakuambia siku hiyo hiyo.

Na kwa wanaopenda historia, watafiti kutoka Karlsruhe Ujerumani waliwahi kujaribu pale Ngare Nanyuki membreni za nano (zinapitisha zaidi kidogo kuliko za RO) na za RO zikiendeshwa na sola. Kwa hiyo membreni kwa maji ya Meru sio kitu cha kubuni leo. Za nano zinataka presha ndogo ila floraidi inapita zaidi, inategemea aina na maji yalivyo, kwa hiyo kwa floraidi kubwa wengi wanarudi kwenye RO.

UpandeWaMeru
Nimerudi wakuu. Membreni ya kwanza na ya nne zina tofauti ya uzito hata bila mizani, ya nne nilishika kama nimebeba tofali. Kuna ukoko wa kijivu mweupe kwenye ile nyavu ya katikati, mgumu. Nimedondoshea asidi ya sitriki iliyokolezwa, povu dogo sana mwanzoni halafu kimya. Ya kwanza ni safi haina harufu.

Kwa hiyo ni silika?

FundiRijekti
Ni mchanganyiko, kaboneti kidogo (ile povu), iliyobaki ni silika na/au kalsiamu floraidi. Kutofautisha hizo mbili kunataka maabara ila hukumu ni ile ile, umekoleza kupita kiasi.

Fanya hivi sasa. Ile valvu ya rijekti ifungue mpaka uwiano uwe masafi 1000 rijekti 1000. Silika inakuwa 124, iko mpakani na pH yako inakupa nafasi. Kama kisima kinaruhusu nenda hata rijekti 1200, itashuka kama 114. Hicho kibomba cha kurudisha rijekti chenye valvu nyekundu kilikuwepo kwa sababu membreni moja ya inchi 4 yenye urefu wa inchi 40 haitakiwi ivune zaidi ya asilimia 15 hivi ya maji yanayopita juu yake, zikiwa nne zimefuatana unapata karibu nusu, kufika 75 ilibidi ajaze kwa kuzungusha rijekti. Kwa asilimia 45 mpaka 50 unaweza kukifunga karibu chote, ila funga polepole ukiangalia geji.

Halafu antiskalanti, ya aina inayotaja silika na kalsiamu floraidi kwenye karatasi yake, sio ile ya jumla jumla ya chokaa. Dozi ni ndogo, gramu 2 mpaka 5 kwa kila lita elfu ya maji yanayoingia. Kwa lita 2000 kwa saa na gramu 3, ni gramu 6 kwa saa. Mkiendesha saa tatu kwa siku ni kama nusu kilo kwa mwezi. Ukisikia mtu anakuuzia dumu la lita 25 kila mwezi kwa mashine hiyo, anakula na wewe. Na usizidishe ukidhani unajihami, dawa ikizidi inalisha vijidudu na inaweza yenyewe kugandana na chuma au alumini.

SofnaNiMaisha
Hapo kwenye saa tatu umeipata wapi?

FundiRijekti
Nimekisia wanafunzi 600, kila mmoja lita 5 za kunywa na kupikia, ni lita 3000. Hivi UpandeWaMeru, RO mnaitumia kwa nini na nini?

UpandeWaMeru
Kwa kila kitu mkuu. Inaingia kwenye simtanki kubwa inalisha bweni zima, mabafu, vyoo, jikoni. Wanafunzi wako 580. Inakimbia mchana na usiku.

FundiRijekti
Ndo hapo sasa! Mnachuja floraidi ili mvute choo. Floraidi inaingia kwa mdomo, ngozi haina shida nayo. Tenga bomba moja la kunywa na jikoni liende kwenye tenki lake, liandikwe kwa rangi. Vyoo na kufua na kuoga viende na maji ya kisima moja kwa moja, na rijekti pia iingie kwenye tenki la vyoo. Hapo kuvuna asilimia 50 hakuumizi mtu tena, zile lita 3000 za rijekti zinasafisha vyoo ambavyo vingekula maji hayo hayo.

Na wale wanaosema maji hayana ladha, changanya maji ya kisima kidogo kwenye tenki la kunywa. Masafi yana 0.4, kisima 7.8, ukitia asilimia 8 ya kisima inakuwa karibu 1.0, bado chini ya 1.5. Ila hayo ya kisima yapite kwanza dawa ya vijidudu na mchanganyiko upimwe, sio kwa jicho. (Watu wazima humu mtakumbuka zamani kikomo chetu Tanzania kilikuwa 4, siku hizi ni 1.5 sawa na WHO.)

MamaWaShamba
Samahani kuingilia, hayo maji ya rijekti siwezi kumwagilia mboga? Au ng'ombe wanywe? Kupoteza maji kwetu ni dhambi jamani.

FundiRijekti
Ng'ombe hapana mama. Yatakuwa na floraidi kama 15, na ng'ombe nao meno na mifupa vinaharibika kama sisi, ushauri wa kawaida kwa mifugo ni kama 2. Mboga pia sishauri. Shida sio floraidi tu, ni sodiamu. Maji haya yana sodiamu kibao na kalsiamu hamna, udongo wa mfinyanzi ukinyweshwa hivyo unafumuka, unakuwa tope wakati wa maji na zege wakati wa jua, maji hayashuki tena. Hata maji ya kisima yenyewe kabla ya RO yako pabaya kwa kipimo hicho. Vyoo, kuosha magari, kumwagia vumbi barabarani basi.

Bi_Mkubwa77
Na magadi je? Mie nikipika makande bila magadi hayaivi.

dogo_wa_Tengeru
Bi mkubwa umegusa penyewe 😂

FundiRijekti
Hahaha hapo sasa jikoni kwa shule nzima. Magadi ya huku kaskazini mengi yana floraidi, nyingine nyingi sana. Unaweza kununua RO ya mamilioni halafu mpishi anairudisha floraidi kwa kijiko. UpandeWaMeru ongea na jikoni, maharage waloweke usiku, na kwa maji haya ya RO ambayo ni laini yataiva haraka tu bila magadi.

MswahiliMaskati
Assalaam alaykum ndugu zangu. Miye nipo Maskati, nafanya kazi kwenye mtambo wa kusafisha maji ya bahari, babu zangu wa Unguja. Uzi mzuri. Nataka kuongeza jambo moja tu. Huku bahari tunavuna asilimia 40 hivi kwa presha ya baa 60 na kitu, na hakuna anayeona haya kuwa zaidi ya nusu inarudi baharini. Hiyo habari ya fundi kujisifu kuwa hapotezi maji, huku angecheka mtu. Kila maji yana kiwango chake cha kuvuna, na anayekipanga ni ile chumvi ya kwanza kuganda.

Na jengine, musichanganye kuganda na kuziba. Mwaka 2008 na 2009 huku Ghuba ulikuja mwani mwekundu baharini, mitambo ikasimama, wala haikuwa ukoko, ni uchafu umejaa mbele. Huyu bwana amefanya vizuri kutazama membreni ya kwanza na ya mwisho.

Suala langu kwake: umeme ukikatika, mashine inaoshwa?

UpandeWaMeru
Waalaykum salaam. Hapana, ikizima inazima tu. Umeme ukirudi inawaka yenyewe.

MswahiliMaskati
Basi hapo pana nusu ya ukoko wako. Mashine ikikimbia, maji mazito yanakaa ndani dakika chache tu kisha yanatoka, hayapati nafasi ya kuganda. Ikizima ghafla, yale yaliyokolea yanalala juu ya membreni saa nzima, usiku mzima. Hata dawa ya antiskalanti inachelewesha tu, haizuii milele. Fungeni tenki dogo la maji masafi lililo juu, na valvu inayofunguka yenyewe umeme ukikatika, yashuke yapite kwenye membreni kwa uzito wake yasukume yale mazito nje. Bei yake si kubwa. Na wikiendi na likizo vile vile, osha kabla ya kufunga.

FundiRijekti
Shukrani sana shehe, hilo nililisahau na ni kubwa.

Sasa kuosha. Anza na kostiki soda, pH kama 11 na kitu, pamoja na EDTA (dawa inayoshika kalsiamu), maji ya vuguvugu yasizidi nyuzi 35 hivi kwa pH hiyo, zungusha polepole kwa pampu ndogo, loweka, zungusha tena. Suuza mpaka pH irudi. Halafu asidi ya sitriki pH 2 mpaka 3. Asidi ikitangulia kwenye silika unaweza kuifanya ishike zaidi, kwa hiyo kwa mchanganyiko kama wako kostiki kwanza. Vaa glavu na miwani, kostiki haina undugu. Maji ya kuoshea yamwagwe yote, na lita za kwanza za maji masafi baada ya kuosha zimwagwe pia. Soma karatasi ya mtengenezaji wa membreni, mipaka ya pH na joto iko pale.

Usitumie klorini au jiki kwenye membreni HATA KIDOGO, zinakula ule utando wa juu na hakuna dawa ya kurudisha. Na mtu akikwambia ana dawa ya kuyeyusha silika yenye floraidi ndani, zile za amonia bai floraidi, mkimbie. Inayeyusha kweli, lakini inaunguza mtu mpaka mfupa na hapo ni shuleni.

Ya nne sikudanganyi, inaweza isipone. Nunua moja, usinunue nne. Mpya ikae nafasi ya mwisho au zungusha, ila usiweke kitu kipya kabla hujashusha uvunaji.

UpandeWaMeru
Nimeelewa wakuu. Valvu nimefungua leo, iko masafi 620 kwa rijekti 700. Tumewaambia wa sofna wasubiri. Fundi wa bomba anakuja kutenga laini ya jikoni. Swali dogo la mwisho, asubuhi mashine inatoa kidogo kuliko mchana, nikaogopa nikadhani inaendelea kuganda?

FundiRijekti
Hiyo ni baridi ya Meru tu. Maji yakipoa kwa nyuzi 1 unapoteza kama asilimia 3 ya maji masafi kwa presha ile ile. Kama tenki lako liko nje na asubuhi maji yana nyuzi 16 na mchana 23, ni tofauti ya karibu moja ya tano na membreni haina kosa. Nunua kipimajoto, kwenye daftari andika joto pamoja na presha tatu (kabla ya membreni, baada, na ya maji masafi), lita za masafi, lita za rijekti, TDS ya vyote viwili. Soma saa ile ile kila siku. Masafi yakishuka asilimia 10 kwa joto lile lile, au tofauti ya presha mbele na nyuma ikipanda asilimia 15, osha. Usisubiri ishuke hadi lita 600.

dogo_wa_Tengeru
Hiyo daftari ni ya kila siku au kila wiki?

FundiRijekti
Kila siku. Dakika tano.